Nani Anafuma Sweta Bodo?

Kamusi za Kiswahili zina ucheshi wake. Tafuta neno la hobi na utapewa uraibu. Ndilo tulilokariri shuleni, ndilo lililotuandikisha insha za "Uraibu Wangu" ambamo darasa zima lilikuwa ghafla linapenda kusoma vitabu na kuogelea. Halafu sikiliza taarifa ya habari ya leo: uraibu wa kamari, uraibu wa dawa za kulevya. Neno ni hilo hilo. Kitu unachokifanya kwa kupenda na kitu kisichokuachilia vinaishi nyumba moja, na wapangaji wa zamani wa nyumba hiyo walikuwa tambuu na tumbaku.

Mimi nafuma. Sindano mbili, uzi mmoja, na nazikubali maana zote mbili za neno.

Nafuma Bodo, na hapo ndipo watu huniangalia kama nimepigwa na jua. Kwa msomaji wa Nairobi ambaye pwani ya kusini kwake inaishia Diani: endelea na barabara kuu ya Lunga Lunga, pita Msambweni, kata kushoto, panda bodaboda mpaka ardhi iishe. Hapo pana mikoko, mashua, na kisiwa cha Funzi ng'ambo ya maji. Joto la Februari hapa halina adabu. Kwa hivyo swali linalonifuata kila nikitoa kijifuko changu cha nyuzi ni moja: sweta ya nani hiyo?

Ni swali zuri kuliko waulizaji wanavyodhani, na nitalijibu. Lakini kwanza nina ugomvi na namna tunavyoongea kuhusu kufuma, sisi wa umri huu, kwenye simu na kwenye magazeti kama hili. Tuna lugha chache tu za kuizungumzia kazi hii na zote zimechoka. Kuna ile ya kejeli: vitambaa vya kochi, nyumba ya shosho, ushamba. Kuna ya tiba, iliyotoka nje na kufika kwetu na mishumaa yake: fuma utulize akili. Na kuna ya hasla, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo inayonikera zaidi. Hakuna kati ya hizo inayokitazama kitu chenyewe. Tunaweza kukaa saa mbili tukibishana kama beti fulani la wimbo ni kali au la, lakini kitambaa kilichochukua wiki tatu tunakiona ni pambo la kuzuia vumbi.

Basi tukitazame. Kufuma ni kitanzi kilichovutwa ndani ya kitanzi. Basi. Shangazi yangu hufundisha kwa maneno manne ambayo husemwa kwa mdundo mpaka mkono uelewe: ingiza, zungusha, toa, dondosha. Ingiza sindano, zungusha uzi, toa kitanzi kipya kupitia cha zamani, dondosha cha zamani. Kila kitanzi kinashikiliwa na jirani zake tu. Hakuna fundo. Hiyo ndiyo siri na ndiyo hatari yake, manake ukikata uzi mahali pamoja na kuvuta, kazi ya mwezi inarudi kuwa mstari. Kisulisuli cha paka wa nyumbani kinatosha.

Linganisha na nyavu. Kila kusi, bahari ikichafuka na mashua zikikaa nchi kavu, wanaume wa hapa hukaa chini ya miti wakishona nyavu. Nawe ukipita utawaona, vidole vinakwenda bila macho, kila jicho la wavu limefungwa kwa fundo lake. Wavu ukitoboka pahali pamoja, mafundo mengine hayana habari. Fundo halimtegemei mwenzake. Ni ufundi wa mtu aliyewahi kupigana na papa na mwamba, akajua kwamba hasara lazima itatokea, la muhimu ni isienee. Kitanzi kinafikiria vinginevyo. Kitanzi kinanyumbuka, kinafuata umbo la kichwa na bega, kinapumua, lakini hakijui kuvumilia usaliti.

Nakaa nao mara nyingi. Mwanamume mwenye sindano ya nyavu na mwanamume mwenye sindano ya sweta, miguu imenyooshwa vilevile, wote wawili wanahesabu. Mmoja anaonekana anafanya kazi ya kiume na mwingine anaulizwa kama ataolewa lini. Siku za mwanzo wazee walicheka mpaka wakakohoa. Sa hivi wamezoea, ila kuna mmoja ambaye kila akinipita husema, "We kijana, hiyo nyavu yako yavua nini?" Nami humjibu, "Marahaba yako kwanza, baba," kwa kuwa amesahau kuisubiri shikamoo.

Na mkumbuke kwamba kicheko chenyewe ni kipya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulikuja na masomo ya mikono, sayansi kimu na sanaa na ufundi, na watoto wa mashambani na mijini wakaambiwa wafume. Waulize wazazi wenu. Wengi watakwambia habari za spoku za baiskeli: sindano za dukani zilikuwa ghali, kwa hivyo baiskeli ya baba ilipungua spoku mbili mbili na hakuna aliyejua nani kachukua. Wavulana walifuma. Kuna mameneja wa benki nchi hii, wenye tai, ambao vidole vyao vinajua kitanzi cha mgongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa mitihani, na kizazi changu kikakua kikidhani kufuma ni kitu ambacho nyanya huzaliwa nacho.

Lakini ukirudi nyuma zaidi mambo hayapendezi, na hapa wapenzi wa kufuma tuwe wakweli. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Vilabu vyake vilifundisha usafi, malezi, mapishi, kushona na kufuma. Wanahistoria wameandika namna utawala ulivyovitumia vilabu hivyo Kenya ya kati kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Yaani sindano ilitolewa kwa mkono mmoja na mkono mwingine ulikuwa na bunduki. Mtu anaponiambia kufuma ni kitu kisicho na siasa, kitu cha kutuliza moyo tu, huwa nafikiria hilo. Mwanamke aliyeketi na kufuma alikuwa, machoni mwa bwana DC, mwanamke aliyetulia. Sina hakika kama yeye mwenyewe alikuwa ametulia. Mikono ikiwa na shughuli masikio yanakuwa huru, na vikao vya wanawake vinajulikana kwa habari.

Hata vile vitambaa vya kochi, ukiacha kejeli, vina mambo. Lile umbo la nanasi ambalo karibu kila kitambaa cha duara kinalo si la kwetu kwa asili, linapatikana kwenye kroshia dunia nzima, lakini nimeona vitambaa ambapo nanasi limenyoshwa mpaka likawa kitu kingine, kama taa ya kandili, kwa sababu mfumaji alikosa kielelezo akakumbuka tu. Hivyo ndivyo mtindo unavyozaliwa, kwa kumbukumbu mbovu. Nimeona pia vingi vibaya, na ubaya wake ni uleule wa shairi baya: mtu amejaza kila nafasi kwa hofu ya uwazi. Kitambaa ni sanaa ya matundu. Mfumaji mzuri anajua wapi pa kuacha hewa.

Nimesema shairi, kwa hivyo niingie kwenye ubishi wa wasomi kidogo. Waandishi wa insha wanapenda kutukumbusha kwamba neno la Kiingereza la matini linatokana na Kilatini texere, kufuma nguo, kwamba kila andiko ni nguo. Ni kweli na imeshakuwa chapati ya jana. Kiswahili hakikuenda njia hiyo. Kwetu shairi halifumwi, hutungwa, na kutunga ni kazi ya shanga. Ni kazi ya samaki pia: mtungo wa samaki ni samaki waliopitishwa kamba moja mdomoni. Mimba hutunga. Jipu hutunga usaha. Mtunzi kwa Kiswahili ni mtu anayepitisha kamba katikati ya vitu ambavyo tayari ni vizima, kila kimoja na uso wake. Ukifikiria vina na mizani unaona kwa nini. Kila kipande kinaweza kusimama, kamba ndiyo inayovipa mpangilio.

Kufuma, kwa upande wake, Kiswahili kilikipa tabia ya uwindaji. Fuma ni kusuka uzi, na fuma pia ni kulenga kwa mshale ukapata. Ukimkuta mtu katika tendo umemfuma, umemfumania. Wataalamu wa kamusi huyatenganisha kuwa maneno tofauti yanayofanana sauti, na labda wana haki. Lakini mtu aliyekaa na sindano saa nne anajua kwamba ncha inatafuta kitanzi kama mshale, na kwamba kuna wakati kitanzi kinaponyoka na unakifukuza safu tatu kwenda chini.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni kinyume chake: fumua. Mwanamke hufumua nywele zake Jumamosi ili zisukwe upya, na hakuna anayeona kitu kimeharibika. Kufumua ni hatua ya kazi. Vitabu vya Kiingereza vya kufuma vimejaa majina ya huzuni ya tendo hili, vina hata utani wa chura, kwa sababu "rip it" ya Kiingereza inasikika kama mlio wake. Sisi tuna neno tu, limekaa kawaida.

Na lina historia ndefu mwambao huu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona nguo za kufumwa pale pale zikipelekwa mpaka Misri. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Lakini anayenifurahisha ni Duarte Barbosa, Mreno, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuhusu Waislamu wa Sofala. Walikuwa na pamba yao, weupe mtupu, bila rangi za kuitia. Wakawa wanachukua nguo za bluu kutoka Cambay, India, wanazifumua, halafu uzi ule wa bluu wanaufuma pamoja na mweupe wao na kupata nguo mpya. Soma tena. Nguo kamili, imevuka bahari, imelipiwa, inafumuliwa kwa sababu mtu ameiona siyo nguo bali rangi.

Ndicho ninachokifanya mimi Kongowea. Uzi mpya wa sufu ni ghali, na maduka ya Ukunda huwa na uzi wa plastiki wa rangi tano, tatu kati yake za sare za shule. Kwa hivyo nashuka Mombasa kwenye mitumba, nachagua sweta iliyochoka. Kuna ujuzi wake na nitautoa bure. Igeuze ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi halafu zikafungwa kwa mashine, iache, kwa sababu kila safu ni kipande cha uzi kilichokatwa na utabaki na tambi. Ukiona kingo nzima, zilizofumwa kwa umbo, na mshono unaofunguka ukivuta uzi mmoja, lipa haraka na usionyeshe uso wa furaha. Fumua kutoka juu kwenda chini. Uzi utatoka umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye vitana. Uviringishe kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali panne, uoshe, uning'inize na chupa ya maji chini yake mpaka ukauke. Sufu hunyooka. Akriliki haisahau ilikotoka.

Raha ya kufuma, mimi naona, imekaa hapo zaidi kuliko kwenye sweta iliyokamilika. Ugumu wake nao si wa kifalsafa. Vidole vinatoka jasho na uzi wa plastiki unalia kwenye sindano ya chuma. Chuma chenyewe hupata kutu, hewa ya chumvi haichagui. Nimehamia vijiti vya mishikaki: mwanzi, milimita tatu, pakiti kwa bei ya soda, unavipiga msasa na kuvipaka mafuta ya nazi. Vinavunjika, navyo vikivunjika vinaokea nyama. Umeme ukipotea usiku uzi mweusi haufumiki kabisa. Mchanga unaingia kila mahali. Na kama unaishi nyumba yenye watoto, mpira wa uzi ni mpira.

Sasa hasla. Tangu mwaka wa korona vijana wengi Nairobi na Mombasa walishika kulabu ya kroshia, na leo ukitembea ufukwe wa Diani utaona vijitopu, vikofia vya ndoo na mikoba vimening'inizwa kwenye vijiti. Baadhi ni kazi nzuri sana. Sina neno na muuzaji. Neno langu ni kwa swali ambalo linakuja kabla hujamaliza safu ya kwanza: unauza? Na ukisema hapana, watu wanakuhurumia. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, anayeandika makala za kulipwa siku mwenye gazeti akikumbuka, ana haki gani ya kukaa na uzi bila kuuza? Nimesikia swali hilo kutoka kwa wanaonipenda. Kwao mapumziko ni ya wenye mshahara. Maskini akipumzika ni mvivu, akifuma bila bei ni mvivu mwenye vifaa.

Niliwahi kupiga hesabu ya kijitopu nilichoombwa na jirani anayeuza ufukweni. Uzi ulikula shilingi 600. Kazi ilichukua saa 16. Kiliuzwa 1,500, baada ya mnunuzi kuteremsha kutoka 2,000 na kusema kwamba kwao ameona vya bei nafuu zaidi. Toa uzi, gawanya, ni shilingi 56 na senti kwa saa, kabla ya muuzaji kupata chochote. Na mnunuzi hakuwa anasema uongo. Ufumaji wa sindano una mashine tangu 1589, William Lee wa Uingereza alipounda ya kwanza ya kufumia soksi. Kroshia viwanda havina mashine yake, kitanzi kinaingia pande nyingi mno. Kwa hivyo kila kroshia ya kweli iliyo kwenye duka la bei chee popote duniani imepitia mikono ya mtu, na bei ile inakwambia mtu yule analipwaje. Video za "anza biashara yako ya kroshia leo" hazifiki hapo. Zinaishia kwenye picha.

Lugha ya hasla inaharibu pia jicho. Inataka kitu kisafi, kinachofanana na cha jana, kinachopigika picha. Kosa ni hasara. Na hapa nataka nimlete John Millington Synge, Muairishi, ambaye tamthilia yake fupi Riders to the Sea ilichezwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1904. Inatokea kisiwani, kwa wavuvi. Mama amepoteza wanaume wake karibu wote baharini, na mwana mmoja hajulikani aliko. Inaletwa nguo ya maiti iliyookotwa mbali kaskazini. Shati halitoi jibu, kitambaa chake kinauzwa madukani, wanaume wengi wanalo. Soksi ndiyo inayosema. Dada yake aliifuma, anahesabu vitanzi, anakuta vile vinne alivyovidondosha. Ni yeye.

Nimeisoma mara nyingi nikiwa hapa Bodo, ambapo habari za mashua iliyochelewa si tamthilia. Kuna wasomaji wanaoiona tamthilia hiyo ni ya huzuni iliyozidi, mama analia tangu pazia lifunguke. Sikubaliani, na sababu yangu ni ile soksi. Synge hakuandika kwamba upendo unaonekana katika kazi nzuri ya mikono. Aliandika hesabu. Kinachomtambulisha marehemu ni dosari nne ambazo mfumaji alizikumbuka, na kama msichana yule angekuwa anafuma kwa ajili ya soko angezifumua akarudia, na wasingejua. Baadaye ikaenea hadithi kwamba kila ukoo wa visiwa vile una mtindo wake wa sweta ili maiti zitambulike. Ni hadithi ya kuuzia watalii sweta. Tamthilia ni kali zaidi kuliko hadithi hiyo, kwa sababu alama yake haikupangwa.

Kwa hivyo, sweta ya nani? Twende nje saa tisa usiku mwezi wa Julai, wakati wa kusi, wale wanaothubutu wakitoka. Tazama wanavaa nini. Majaketi, sweta za mitumba, marvin zilizovutwa mpaka kwenye nyusi. Upepo wa bahari usiku, mwili umelowa, haujali kwamba mchana palikuwa na nyuzijoto 28. Sufu huhifadhi joto hata ikilowa, kitu ambacho pamba haikiwezi. Nafuma marvin. Nimegawa tisa mpaka sasa, na hakuna iliyouzwa. Yule mzee wa nyavu ana moja, ya kijivu, iliyokuwa sweta ya mwanamke fulani wa Ulaya.

Niseme na neno kuhusu Acaye Kerunen, kwa sababu kila nikitoa malalamiko haya mtu huniambia mambo yamebadilika, sanaa za mikono zimefika Venice. Zimefika. Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya Venice Biennale, yeye na Collin Sekajugo, na likatajwa kwa heshima na majaji. Kerunen huchukua kazi za kusuka za wanawake wa Uganda, za ukindu, migomba na matete, akazifungua, akaziunga na kuzining'iniza kuwa maumbo makubwa ambayo si mkeka wala kikapu tena. Nimeyaona kwa picha tu. Ni mazuri, na kilichonigusa ni kwamba njia yake ni ileile ya Sofala: kitu kizima kinafumuliwa kwa sababu mtu ameona ndani yake kitu kingine.

Lakini linabaki swali ambalo si kosa lake yeye. Kwa nini mkeka mpaka ufunguliwe ndipo uitwe kazi? Pale Bodo ukili husukwa na wanawake wakitembea, wakiongea, wakisubiri gari. Ni utepe mrefu, hauna haraka, unakunjwa kwapani, na ukifika urefu unaotosha hushonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka. Mtu anayejua anaweza kukuonyesha pahali ambapo msusi alibadilika, mkono mwingine ulipoingia, pengine siku msiba ulipotokea. Hiyo ni kazi inayosomeka tayari ikiwa sakafuni, na watu wameikalia. Wahakiki wetu, mimi nikiwemo, tuna mazoea ya kusubiri ukuta mweupe.

Tunachokosa zaidi ya ukuta ni maandishi. Vielelezo vya kufuma vinaandikwa Kiingereza, kwa vifupisho ambavyo hata Waingereza wanasema ni kama msimbo wa kijeshi. Mwanafunzi wangu wa pekee, binamu wa miaka 14, anajua kufuma kuliko mimi lakini hawezi kusoma karatasi ile. Kwa hivyo tumekaa na shangazi na bibi mmoja wa jirani kubishana kuhusu maneno. Kuanza vitanzi tumekubaliana ni kutunga, hakuna aliyepinga. Kitanzi cha mbele ni uso, cha nyuma ni mgongo. Bibi alitaka cha nyuma kiitwe tumbo, kwa kuwa kinavimba, na hoja yake ilikuwa na nguvu, lakini shangazi alikataa kabisa tumbo kuwa mgongoni. Rasimu ya kwanza ni hii, ijaribuni mniambie panapokwama.

Vijiti vitano vya mishikaki, msasa kwanza. Uzi wa sweta moja ya mtumba, si mnene. Tunga vitanzi 112, vigawe 28 kwa kila kijiti, unga mviringo, angalia visijipinde. Uso 2, mgongo 2, zungusha hivyo hivyo mpaka sentimita 20. Kitanzi kikidondoka baada ya hapo na hukukiona mpaka umefika mbali, kifunge kwa ndani kisikimbie, uandike pahali kilipo. Safu ya kupunguza: uso 12, unganisha viwili kuwa kimoja, rudia mpaka mwisho wa mviringo. Safu inayofuata uso mtupu. Kisha uso 11, unganisha viwili, uso mtupu, uso 10, na kuendelea hivyo mpaka vibaki vitanzi 8. Kata uzi, acha mkia wa shubiri moja, upitishe ndani ya vyote vinane, vuta.